Dodoma na mpango wa 1976: kilichojengwa na kilichokatazwa

Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU ilitangaza kwamba makao makuu ya serikali yatahama kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na kuhama huko kukapangiwa miaka 10. Uamuzi ulipitia ndani ya chama. Kati ya matawi 1,859 yaliyoulizwa, 1,017 yaliafiki, na kwa hesabu ya mikoa, 18 kati ya 20 iliunga mkono. Dodoma ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa reli, ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1907 walipokuwa wakiisogeza reli ya kati kutoka pwani. Sensa ya 1967 iliwakuta humo watu wapatao 23,000. Mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi.

Mwaka 1976 mpango kabambe wa mji mkuu mpya ukawa tayari. Uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ileile iliyokuwa imeandaa mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1968. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu miji mingi ya Afrika Mashariki imekua huku mpango ukiwafuata wajenzi kwa nyuma. Dodoma ni tofauti. Nadharia iliandikwa kwanza, ikapewa ardhi, ikapewa chombo chake cha kuisimamia, na chombo hicho kikadumu hadi mwaka 2017. Anayetaka kujua nadharia ya mipango miji inaufanya nini mji wa kwetu hana mahali pazuri zaidi pa kuangalia.

Nadharia yoyote ya kupanga mji ina pande mbili. Inasema nini kijengwe, na inasema nini kisijengwe. Kujenga kunadai fedha mwaka hadi mwaka. Kukataza kunadai karatasi, muhuri na askari wachache. Fedha zilipokosekana Dodoma, upande wa kujenga ulisimama, na upande wa kukataza ukaendelea peke yake kwa miongo minne. Mji tunaouona leo ni matokeo ya nusu hiyo iliyobaki, na kwa maoni yangu makosa mengi yanayotupiwa mpango wenyewe yalipaswa kuelekezwa hapo.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1898 Ebenezer Howard, mtu aliyejipatia riziki yake kwa kuandika kumbukumbu za vikao huko London, alichapisha kitabu kilichopendekeza miji ya aina mpya. London ya wakati wake ilikuwa ya moshi na vyumba vya kupanga vilivyojaa watu. Howard alitaka miji ya watu wapatao 32,000, kila mmoja ukiwa umezungukwa na mashamba, kazi na makazi vikiwa karibu. Kiini cha hoja yake kilikuwa ardhi. Alisema ardhi yote ya mji imilikiwe kwa pamoja na wakazi wapangishwe, ili thamani yake ikipanda, faida iwarudie wao wenyewe kwa njia ya shule, barabara na matunzo ya wazee. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza mwaka 1903. Wengi waliomfuata Howard walichukua miti na nyasi na kuiacha hoja ya ardhi.

Mwaka 1929 Clarence Perry wa New York aliongeza kipande kingine. Magari yalikuwa yameenea na watoto walikuwa wakigongwa barabarani wakienda shule. Perry akapendekeza mji ugawanywe katika mitaa ya watu kati ya 5,000 na 9,000, shule ya msingi ikae katikati, na hakuna mtoto atakayetembea zaidi ya mita 400 hivi au kuvuka barabara kuu ili kuifikia. Barabara kubwa zipite pembezoni. Maduka yakae kwenye kona za nje, mitaa inapokutana. Ndani ziwe njia nyembamba zinazopinda, ili mwenye gari asiye na shida humo asione sababu ya kukatiza.

Mwaka 1953 mbunifu kijana wa Kanada, Macklin Hancock, alipewa kazi ya kuchora mji mpya nje ya Toronto ulioitwa Don Mills. Aliugawa katika mitaa minne kuzunguka kituo cha biashara, kila mtaa na shule yake, barabara zikipinda na nyingine zikiishia ndani bila kutokea upande wa pili, na mikanda ya kijani ikitenganisha mtaa na mtaa. Don Mills ilisifiwa sana na kuigwa kote Kanada. Hancock ndiye aliyeiongoza Project Planning Associates, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kuchora Dar es Salaam na kisha Dodoma.

Safari hiyo inaeleza mengi. Wazo lilizaliwa ili mtoto wa New York asigongwe, likajengwa Kanada kwa ajili ya familia zenye gari mlangoni, halafu likaletwa kwenye uwanda wa Wagogo ambako karibu kila mtu alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Kirahisi mtu angesema kwamba hapo ndipo kosa lilipotokea, kwamba tulinunua nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine. Mimi siamini hivyo, kwa sababu waliouandika mpango wa 1976 waliliona tatizo hilo na kulifanyia kazi.

Mpango ulisema nini

Kwanza ulikataa fahari. Brasília ilikuwa imezinduliwa mwaka 1960 na majengo ya Oscar Niemeyer na barabara pana kama viwanja vya ndege, na nchi nyingi zilizokuwa zikitafuta mji mkuu mpya ziliitazama kwa kuihusudu. Waandishi wa mpango wa Dodoma walitaka mji mkuu usiomtisha mwananchi, wenye majengo ya kimo cha kawaida yanayofuata vilima na mabonde yaliyopo. Eneo la kitaifa lingekuwepo, lakini lingekaa kati ya watu.

Sababu ya kisiasa ilikuwa nzito. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeonya kwamba wakazi wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima, kwa kuwa mikopo inayojenga mijini hulipwa kwa jasho la vijijini. Nchi yenye msimamo huo ilikuwa inakwenda kujenga mji mkuu kwa fedha za umma. Basi mji wenyewe ulilazimika kujieleza, na ukajieleza kwa kuchorwa kama mkusanyiko wa jumuiya mfano wa vijiji, kila jumuiya na shule, zahanati, soko na mashamba yake. Mtaa wa Perry ulikutanishwa na nyumba kumi za TANU, kila nyumba kumi na balozi wao, na kutoka hapo mji ukapanda ngazi kwa ngazi hadi wilaya.

Pili, na hili ndilo linalonivutia zaidi, mpango uliliondoa gari kwenye kiti chake. Jumuiya zilipangwa kandokando ya njia maalumu ya mabasi kama shanga kwenye uzi, ili mkazi aweze kutembea kutoka nyumbani hadi kituoni. Waenda kwa miguu na baiskeli walichorewa njia zao, mbali na magari. Mabonde na makorongo yaliachwa bila kujengwa, yatumike kwa bustani, mboga na miti. Hayo yaliandikwa mwaka 1976, miaka 40 kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza Dar es Salaam mwaka 2016. Leo miji tajiri inalipa wataalamu waifundishe mambo hayohayo.

Mpango huo ulikuwa na upofu mmoja mkubwa, nao ulihusu watu waliokuwepo. Dodoma haikuwa pori. Wagogo walikuwa na makazi yao, ng'ombe wao na namna yao ya kukaa na ukame. Tena miaka michache kabla, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, serikali ilikuwa imeanza kuwahamisha watu wa mkoa huo kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya pamoja. Kutawanyika kwenyewe kulikuwa na sababu. Katika nchi kame, anayekaa mbali na mwenzake anapata malisho na anaweza kuhamisha shamba mvua inapokosekana upande mmoja. Mkusanyiko ambao Toronto ulionekana kama urithi wa Kiafrika, Mgogo alikuwa ameshaletewa kwa amri.

Na nyumba yake haikuwamo mchoroni. Tembe ni nyumba ndefu na fupi ya kimo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo linalozuia jua kali, mara nyingi ikizunguka ua ambamo mifugo hulala. Kwa hali ya hewa ya Dodoma ni nyumba ya akili sana: mchana ndani kuna ubaridi, usiku joto linabaki. Viwango vya ujenzi vya mji mkuu vilitaka tofali na bati. Mpango uliozungumza juu ya kijiji cha Kiafrika haukuiachia nafasi nyumba ya kijiji chenyewe, na hilo nalihesabu kuwa dhambi yake kubwa kuliko zote zinazotajwa.

Fedha zilipoisha

Hapa maelezo hayahitaji urefu. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimu nchi kununua chakula nje. Katika muongo mmoja bei ya mafuta ilipanda ghafla katika vipindi viwili tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wizara zilibaki Dar es Salaam, ukiacha sehemu chache kama ofisi zilizokuwa chini ya Waziri Mkuu na makao makuu ya chama. Miaka ya 1980 Mmarekani James Rossant, mmoja wa waliobuni mji mpya wa Reston kule Virginia, alichora eneo la kitaifa la Dodoma. Michoro ikabaki michoro. Bunge lilihamia mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga. Njia maalumu ya mabasi haikujengwa.

Kilichobaki kazini ni Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA.

CDA na ardhi

CDA iliundwa mwaka 1973 na George Kahama akawa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Ardhi yote ya eneo la mji mkuu iliwekwa chini yake. Mwananchi aliyetaka kiwanja alikipata kwa mkataba wa upangaji wa miaka 33, wakati mwenzake wa Morogoro au Singida aliweza kupata hati ya miaka 99 kutoka serikalini moja kwa moja. Mkataba ulikuja na masharti: michoro ipitishwe, matumizi yasibadilishwe bila ruhusa, ujenzi ukamilike ndani ya muda, kodi ilipwe.

Hapa tunakutana tena na Howard. Ardhi ya mji ikiwa mikononi mwa chombo kimoja, wakazi wakiwa wapangaji wake, ndicho hasa alichokitaka mwaka 1898. Sijui mji mwingine katika eneo letu uliokaribia hivyo hoja yake ya msingi, ile ambayo wafuasi wake wa Ulaya waliikimbia. Lakini kwa Howard kodi ilikuwa irudi kwa wakazi, na wakazi wawe na sauti juu ya wanaoisimamia. Dodoma ilikuwa na halmashauri ya manispaa yenye madiwani waliochaguliwa, na halmashauri hiyo haikuwa na ardhi. Ardhi ilikuwa ya CDA, ambayo mwananchi hakuipigia kura. Ukikerwa na taka, unamwendea diwani. Ukikerwa na kiwanja, diwani mwenyewe anakwenda kupanga foleni pamoja nawe.

Nikiitazama miaka hiyo, naona namna nadharia inavyogeuka mikononi mwa ofisi isiyo na bajeti. Karatasi inasema bonde lisijengwe kwa sababu litakuwa bustani ya jumuiya. Bustani haina fungu. Basi ofisi inatekeleza nusu ya sentensi: bonde halijengwi. Karatasi inasema eneo hili ni la shule na soko, shule na soko havijengwi, lakini asiye na ruhusa akiweka kibanda hapo, asubuhi anakuta alama ya X nyekundu ukutani. Bomoabomoa ikawa sura ya mpango kwa watu wengi wasiowahi kuiona ramani yake. Kwa familia iliyojenga juu ya shamba la babu, shamba ambalo mwaka fulani lilitangazwa kuwa sehemu ya mji mkuu, mipango miji ilikuwa ni gari la ofisi linalosimama mlangoni na watu wanaoshuka na rangi.

Chang'ombe ni mfano ulio wazi. Ni mtaa uliokua karibu na mji kwa watu waliohitaji kuishi karibu na kazi na wasioweza masharti ya kiwanja kilichopimwa: vibarua, mafundi, wauza mboga, wahamiaji kutoka vijijini. Mpango uliwahitaji ili mji ujengwe. Nyumba za kiwango walichoweza kukilipia hazikuwamo katika viwango. Kukataza makazi holela bila kujenga makazi nafuu kuna matokeo yanayojulikana dunia nzima, nayo ni makazi holela yaliyosongamana zaidi na yenye hofu zaidi, kwa kuwa mtu asiye na uhakika wa kesho hajengi choo cha kudumu.

Haki inanidai niseme upande wa pili pia, na nausema kwa moyo mmoja. Dodoma leo ina kitu ambacho Dar es Salaam inakililia. Dar es Salaam inakadiriwa kuwa na asilimia 70 au zaidi ya wakazi wake katika maeneo yasiyopimwa, na kila barabara mpya huko inaanza kwa kubomoa nyumba za watu. Dodoma ina maeneo makubwa yaliyopimwa kabla ya kujengwa, ina hifadhi za barabara zilizo tupu, na gari la zimamoto linaweza kufika kwenye nyumba nyingi. Serikali ilipohamia kwa kishindo mwaka 2016, ilikuta mahali pa kukanyaga. Hilo halikuja kwa bahati. Lilitokana na wapimaji waliopiga bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, kwenye vichaka huku wakiamini kwamba siku moja mji utafika.

Mtaa uliopimwa, ukitembea ndani yake

Mpango mzuri au mbaya unajulikana kwa miguu. Mtaa uliopimwa wa Dodoma una barabara za ndani zinazopinda na nyingine zinazoishia kwenye ukuta wa mtu. Don Mills hilo lilikuwa zuri: gari linapunguza mwendo, mtoto anacheza. Mwanamke anayetoka sokoni na ndoo kichwani, barabara inayopinda haimpunguzii chochote, inamwongezea safari. Ndiyo maana ukifika kwenye maeneo ya wazi unakuta njia za mkato zilizochimbwa na nyayo, zikikata kona kutoka uchochoro mmoja hadi mwingine, nyembamba, ngumu, zinang'aa kwa kukanyagwa. Mpango wa 1976 uliziona njia hizo kabla hazijakanyagwa na ukazichora kuwa njia rasmi za waenda kwa miguu. Hazikujengwa, basi watu wakazijenga wenyewe. Kiwanja kikiuzwa katikati yake na ukuta kuinuka, zinahamia pembeni kidogo na kuendelea.

Maduka nayo hayakungoja kona za Perry. Genge liko mbele ya uzio wa nyumba ya kuishi: meza ya mbao, nyanya zilizopangwa mafungu, vitunguu, dagaa, ndizi za kupika, na sanduku la vocha za simu. Kiramani hapo ni makazi tupu. Kimaisha hapo ndipo mtaa unapokutana, kwa sababu mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na hawezi kwenda mwendo wa nusu saa kutafuta fungu la nyanya. Nadharia ya kutenganisha matumizi ya ardhi, makazi huku na biashara kule, ilitokana na miji yenye viwanda vya moshi. Genge halina moshi. Kwa maoni yangu kila mtaa mpya unaopimwa ungeruhusu genge tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, ili mwenye meza asiwe mvunja sheria wa kudumu.

Halafu kuna bodaboda. Kijiwe chao kiko pale barabara ya mtaa inapogusana na barabara kubwa, mahali palepale ambapo mpango ulikusudia kituo cha basi. Mkazi anayeshuka kwenye daladala anamlipa kijana wa pikipiki amfikishe ndani, kila siku, kwenda na kurudi. Nauli hiyo ndogo ndiyo gharama ya njia ya mabasi ambayo haikujengwa, na wanaoilipa ni wale wenye kipato cha chini kuliko wote.

Baada ya 2016

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma ndani ya kipindi chake. Tarehe 15 Mei 2017 aliivunja CDA, akaagiza mali na shughuli zake ziende halmashauri ya manispaa, na mikataba ya miaka 33 ibadilishwe kuwa hati za miaka 99. Wakazi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Kwa mara ya kwanza ardhi na kura vikawa chini ya paa moja. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179.

Kilichofuata ni kupima na kuuza viwanja kwa kasi ambayo CDA haikuwahi kuifikia. Fedha za viwanja ziliingia halmashauri na zikafanya kazi inayoonekana. Lakini hapo ndipo kipande cha mwisho cha nadharia ya zamani kilipodondoka. Howard alitaka mji uendelee kuishi kwa kodi ya ardhi yake vizazi na vizazi. Kiwanja kikiuzwa kimeuzwa. Fedha yake inakuja mara moja, na mwaka unaofuata lazima vipimwe vingine, mbali zaidi na katikati. Mji unaokula viwanja vyake unalazimika kutanuka. Mabomba ya maji yanaufuata kwa kuchelewa, na maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa bado ni ya visima vya bonde la Makutupora.

Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, mashariki ya katikati ya jiji kwa kilomita kama 17, na ulizinduliwa tarehe 13 Aprili 2019. Wizara zimekaa pamoja huko, kila moja kwenye eneo lake, zikiunganishwa na barabara nzuri. Naelewa sababu: ardhi ilikuwepo, ilikuwa tupu, na kazi ilitakiwa iishe haraka. Hata hivyo mpango wa 1976 uliweka shughuli za taifa kati ya watu kwa makusudi. Mtumishi anayeishi Nkuhungu, magharibi ya mji, na kufanya kazi Mtumba, anauvuka mji mzima mara mbili kwa siku. Mwananchi kutoka Mpwapwa au Chemba aliyefuatilia jalada lake anafika stendi, anatafuta usafiri wa pili, na akiambiwa arudi kesho anatafuta wa tatu. Mama lishe walilielewa hili mapema kuliko sisi wachambuzi, wakapeleka sufuria zao walipo watumishi.

Mpango kabambe mpya, wa 2019 hadi 2039, sasa ndio unaoongoza. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ujenzi wake ulianza mwaka 2022. Ni kazi kubwa, na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yatakuwa na pa kupita bila kuingia mjini. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaileta Dar es Salaam karibu kwa saa chache. Lakini barabara ya mzunguko ina nadharia yake ndani, hata kama hakuna aliyeiandika. Inasema mji wa kesho utafikiwa kwa gari. Ardhi iliyo karibu nayo inapanda bei, madalali wapo vijijini, na wakulima wa zabibu na mtama kandokando yake wanaulizwa bei ya ekari. Kitakachoota hapo kitategemea nani anafika kwanza, mpimaji au dalali.

Kwa hiyo ninalo pendekezo moja, na linatoka kwenye ukurasa wa zamani. Jiji bado lina kile ambacho CDA ilikiacha, yaani uzoefu wa kutenga ardhi kabla ya nyumba, na sasa lina madiwani wanaoweza kuulizwa. Barabara zinazotoka katikati kwenda Mtumba, Nala na Matumbulu zitengewe ukanda wa mabasi leo, uandikwe kwenye ramani za upimaji pamoja na njia za miguu zinazouingilia kutoka mitaani, na viwanja vya bei nafuu vipimwe karibu na vituo vyake, vile vikubwa viende mbali. Hata kama fedha za mabasi zitapatikana baada ya miaka 15, katazo peke yake safari hii litakuwa limetunza kitu kinachomfaa mtembea kwa miguu. Ukanda huo unahitaji mita chache za upana, na katika sehemu nyingi za njia hizo, kabla bikoni hazijapigwa, hauhitaji kumvunjia mtu nyumba.